Siku ya Kwanza Barabarani na Pikipiki Mpya ya Spoti: Kampala Hadi Jinja na Kurudi

Mtu aliyezoea Boxer ya boda akiketi kwa mara ya kwanza juu ya pikipiki ya spoti kama Yamaha R3 au Kawasaki Ninja 400, kinachomshtua mwanzo si kasi. Ni usumbufu. Usukani uko chini, vikanyagio viko nyuma, viganja vinabeba uzito wa kifua, na vioo vinamwonyesha viwiko vyake mwenyewe. Wengi huhukumu pikipiki hapohapo, wakasema inaumiza mgongo, ilhali bado hawajajifunza kuikalia. Kwa hiyo safari ya kwanza ninayoipendekeza ni ya kilomita 160 hivi, kutoka Kampala hadi Jinja na kurudi, Jumapili alfajiri, bila kushindana na mtu yeyote.

Kabla ya kuingia barabarani, hakikisha una kibali cha kuendesha cha daraja A na bima, kisha tafuta uwanja mtupu ufanye mazoezi ya kugeuza. Hili hudharauliwa sana. Usukani wa pikipiki ya spoti haukunji mbali, hivyo duara ambalo boda hulimaliza katika upana wa kichochoro wewe litakuhitaji karibu barabara nzima. Siku yangu ya kwanza nilijaribu kugeuka ndani ya kituo kimoja cha mafuta pale Mukono kama nilivyozoea. Usukani ukafika mwisho, kidole gumba kikabanwa kati ya mpini na tangi, nikaachia klachi bila kukusudia, pikipiki ikazima na kulala chini polepole mbele ya foleni ya watu. Geuza ukiwa gia ya kwanza, klachi ikiwa nusu, breki ya nyuma ikishikiliwa kidogo, na macho yakitazama unakokwenda, si tairi la mbele. Zoea pia mpangilio wa gia: ya kwanza iko chini, frii (pasipo gia) inafuata, na nyingine zote ziko juu. Baadhi ya boda hupandisha gia kwa kukanyaga, na mguu wenye mazoea hayo unaweza kushusha gia pale ulipokusudia kupandisha.

Sasa mkao. Bana tangi kwa magoti yote mawili, kaza misuli ya tumbo, na kunja viwiko hadi uweze kuvichezesha kama kuku anayepepea mabawa. Ukiweza kufanya hivyo huku pikipiki ikienda sawasawa, viganja vyako havibebi chochote. Usipoweza, umejiegemeza kwenye usukani, na kila shimo la barabarani litapanda moja kwa moja hadi mabegani. Mwendo ukiongezeka, upepo hukusaidia kwa kuinua kifua kidogo. Ndiyo maana pikipiki hizi huchosha zaidi katika foleni za Banda na Kireka kuliko kwenye barabara iliyo wazi.

Injini mpya nayo ina masharti yake. Kitabu cha Ninja 400 kinataka usizidishe mizunguko 4,000 kwa dakika katika kilomita 800 za mwanzo, kisha 6,000 hadi ufikishe kilomita 1,600. Kwa vitendo, katika kilomita hizo 800 za mwanzo, hata ukiwa gia ya sita hutafika kilomita 80 kwa saa, na utapitwa na boda iliyobeba mikungu miwili ya matoke. Kubali kupitwa. Badilisha mwendo mara kwa mara badala ya kushikilia kasi moja, na usiibebeshe injini mlima ikiwa katika gia kubwa inayoifanya itetemeke.

Matairi mapya huteleza mpaka uso wake ukwaruzwe na lami, kwa hiyo katika kilomita 100 za mwanzo usilaze pikipiki sana wala usifunge breki kwa ghafla. Katika barabara ya Jinja hatari hiyo huongezeka kila inapoungana na njia ya udongo, kwa sababu magari huburuta vumbi jekundu na changarawe hadi kwenye lami, na mvua ya kwanza ikinyesha pale panakuwa kama pamepakwa sabuni. Kuhusu matuta, punguza mwendo mapema, kisha achia breki ya mbele kabla tairi halijaligusa tuta, ili shokapu ipate nafasi ya kufyonza pigo. Inua makalio kidogo kwa kusimamia vikanyagio na upite ukiwa umenyooka. R3 ina nafasi ya milimita 160 tu chini yake. Ukiwa na abiria, tuta refu linaweza kukwangua tumbo la pikipiki.

Namawojjolo, soko la kando ya barabara hii, inahitaji tahadhari ya pekee. Wachuuzi wa kuku wa kuchoma na gonja (ndizi za kuchoma) hukimbilia kila gari linalopunguza mwendo, na taksi (yaani daladala) huweza kukata kushoto bila ishara yoyote. Usipite upande wa kushoto wa taksi hapo hata kama nafasi inaonekana.

Msitu wa Mabira ndio mahali pa kuonja pikipiki yenyewe. Ukitaka kwenda kushoto, sukuma kidogo mpini wa kushoto mbele. Pikipiki italala kushoto na kuingia konani. Wapo wanaobisha mpaka waone kwa mikono yao. Maliza kufunga breki kabla ya kona, kisha ongeza mafuta taratibu unapotoka, ukijiweka mbali na mstari wa katikati, kwani malori ya miwa na mabasi hupitana bila kujali aliye mbele yao.

Ukifika daraja jipya la Mto Nile, lililofunguliwa mwaka 2018, tarajia upepo wa ubavuni. Legeza mikono badala ya kuikaza, maana ukikaza usukani unayahamishia magurudumu kila mtikisiko wa mwili wako. Picha utapigia mjini, si juu ya daraja. Pumzika nusu saa, nyoosha vifundo vya mikono, na uangalie kama kuna mafuta yanayovuja au boliti iliyolegea.

Wakati wa kurudi, foleni ya Mukono itakufundisha sauti ya feni ya rejeta, na joto lake litaipiga miguu yako. Si hitilafu. Nyumbani, mnyororo ungali na joto, ufute vumbi, upake mafuta yake upande wa ndani huku ukizungusha gurudumu kwa mkono injini ikiwa imezimwa, na upime kulegea kwake kwa kipimo kilichoandikwa kitabuni. Matairi yapime shinikizo asubuhi inayofuata, yakiwa yamepoa.