Kipokezi cha androjeni katika saratani ya titi: kinyama kwanza, kidonge baadaye

Mgonjwa wa saratani ya titi iliyokwisha kusambaa akisikia kuna dawa za kuzuia homoni za kiume, asianze kuuliza zinauzwa wapi. Aulize kwanza kinyama chake, yaani kipande kilichokatwa kwenye uvimbe ili kipimwe, kilipimwa vipi. Dawa hizi hulenga kipokezi cha androjeni, yaani protini inayopokea homoni za kiume ndani ya seli za saratani, na kuwapo kwake huthibitishwa kwa kupaka kinyama rangi maalumu maabara. Kinyama kikiharibika, majibu nayo huharibika, na mgonjwa hukosa dawa ambayo ingemfaa.

Uharibifu mwingi hutokea kabla kinyama hakijafika maabara. Kiingizwe kwenye fomalini (dawa ya maji ya kuhifadhia kinyama) ya asilimia 10 iliyosawazishwa, ndani ya saa moja tangu kukatwa. Chupa iwe ya mdomo mpana, na fomalini iwe mara 10 ya ujazo wa kinyama. Maji ya chumvi hayahifadhi kitu. Kikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72. Hapo ndipo Pemba panapohitaji hesabu: kinyama kilichochukuliwa Chake Chake Ijumaa asubuhi, kikangoja boti ya Jumatatu, muda wake umekwisha kabla chupa haijafunguliwa Unguja. Bora siku ya kukata ipangwe kwa kufuata siku ya safari. Saa ya kukatwa na saa ya kuingia fomalini ziandikwe kwenye fomu.

Titi zima lililoondolewa lisitumbukizwe ndooni lilivyo. Fomalini hupenya polepole mno. Nje hukauka, ndani huoza. Lichanwe kila baada ya milimita 5 hivi ili dawa ipite. Na kinyama cha mfupa kikilainishwa kwa asidi kali, vipokezi vinaweza kupotea, basi kama saratani ipo pia kwenye ini au tezi za limfu, ni afadhali kuchukua huko.

Ripoti ikija, soma kwanza vipokezi vitatu: vya estrojeni na projesteroni, ambazo ni homoni za kike, na HER2, protini inayochochea baadhi ya saratani za titi. Estrojeni ikifika asilimia 1 ya seli, huhesabika ipo. Ikisomeka haipo, muulize daktari kama vijia vya maziwa vya kawaida vilivyo pembeni ya uvimbe vilishika rangi. Kama navyo havikushika, kipimo hakiaminiki, kirudiwe. Swali hili dogo lina thamani kubwa kuliko maswali mengi tunayoyasikia wodini.

Androjeni haisomwi peke yake. Saratani nyingi zenye kipokezi cha estrojeni zina cha androjeni pia, na humo androjeni inaweza hata kuzuia uvimbe. Ndiyo maana enobosamu, inayokiamsha kipokezi, imejaribiwa kwa wagonjwa hao. Kwao njia ya kawaida inabaki tamoksifeni miligramu 20 kwa siku, au letrozoli miligramu 2.5 kwa aliyekoma hedhi, pamoja na dawa nyingine atakazoona daktari. Kwa saratani isiyo na vipokezi vile vitatu, baadhi hulishwa na androjeni, na hapo ndipo kuzuia kuna maana.

Dawa zilizojaribiwa hapo ni bikalutamidi miligramu 150 kwa siku na enzalutamidi miligramu 160. Zote ni dawa za saratani ya tezi dume, na kwa titi bado si matibabu ya kawaida. Katika utafiti wa bikalutamidi uliochapishwa 2013, ugonjwa ulitulia kwa miezi 6 kwa asilimia 19 ya wagonjwa. Ni faida ya kweli, lakini ndogo, na haichukui nafasi ya kemotherapi. Uamuzi ni wa daktari bingwa wa saratani, awe hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au Ocean Road, Dar es Salaam. Vidonge vya bikalutamidi vya miligramu 50 vya mzee wa nyumbani mwenye saratani ya tezi dume visiguswe.

Bikalutamidi inaweza kudhuru ini: lipimwe kabla ya kuanza, kisha mara kwa mara miezi 4 ya mwanzo. Macho yakiwa ya manjano au mkojo ukiwa mweusi, aache na aende hospitali siku hiyo hiyo. Enzalutamidi inaweza kuleta degedege, kwa hiyo aliyewahi kupata kifafa aseme mapema. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu naye aseme, kwani hupunguza nguvu ya enzalutamidi na ya tamoksifeni. Mwenye uwezo wa kuzaa apange uzazi, maana dawa hizi hudhuru mimba.

Vidonge hivi humezwa mara moja kwa siku. Mgonjwa aliyeruhusiwa na daktari kufunga Ramadhani ameze baada ya futari, saa ile ile kila usiku. Akisahau, asimeze dozi mbili kwa pamoja.