Umehamishiwa kwenye usajili mpya wa huduma za wazee Australia? Kagua ulivyoandikwa

Sheria ya Huduma za Wazee ya 2024 ilianza kutumika Australia tarehe 1 Novemba 2025, miezi minne baada ya tarehe iliyopangwa mwanzoni. Watoa huduma waliokuwa tayari wanapokea fedha za serikali ya shirikisho hawakulazimika kuomba usajili. Sheria iliwahesabu kuwa wamekwisha kusajiliwa: wizara ilichukua kumbukumbu ilizokuwa nazo, ikampanga kila mmoja kwenye makundi ya usajili, ikamwonyesha mpangilio huo kupitia GPMS, mfumo wa mtandaoni wa serikali wa kusimamia watoa huduma, ili authibitishe, na siku ilipofika usajili ukaingia chini ya Tume ya Ubora na Usalama wa Huduma za Wazee.

Wengi walishusha pumzi, lakini mtu aliyehamishwa bila kuomba amehamishwa jinsi alivyoandikwa, si jinsi anavyofanya kazi. Kampuni iliyokuwa inaonekana kwenye mafaili kama ya usafi na usafiri imesajiliwa kwa usafi na usafiri, hata kama wafanyakazi wake wanaogesha wazee kila asubuhi. Kutoa huduma inayolipiwa na serikali nje ya makundi yako kunavunja sheria, na hati ya usajili haikuonyi. Inataja ulichonacho tu.

Chukua hati ya usajili uliyopewa na Tume, kisha fungua rejista ya watoa huduma iliyo wazi kwa umma kwenye tovuti ya Tume. Vilinganishe. Jambo la kwanza kutazama ni jina la kisheria na ABN, yaani namba ya biashara ya Australia. Zamani shirika moja liliweza kuwa na kibali cha huduma za nyumbani, mkataba wa ruzuku ya jamii na kibali cha makao ya wazee, kila kimoja kwenye jalada lake. Sasa usajili ni mmoja, nao unashikwa na chombo cha kisheria, si jina la biashara. Kampuni mbili zenye nembo moja ni watoa huduma wawili. Kosa linalojirudia ni mkataba wa mteja kusainiwa na kampuni dada ambayo haimo kabisa kwenye rejista. Mkataba wa namna hiyo uandike upya kwa jina lililosajiliwa, mweleze mzee au msaidizi wake sababu, na umpe muda wa kuusoma.

Makundi yenyewe ni sita. La kwanza ni kazi za nyumbani, matengenezo madogo, chakula na usafiri. La pili ni vifaa saidizi na marekebisho ya nyumba. La tatu ni ushirikishwaji wa kijamii, pamoja na msaada kwa wanaoishi kwenye nyumba zilizojaa mrundikano na uchafu. La nne ni matunzo ya mwili, tiba za wataalamu kama wa viungo, lishe, huduma ya kumpumzisha mlezi, na uratibu wa matunzo. La tano ni uuguzi na matunzo ya mpito baada ya hospitali. La sita ni makao ya wazee. Ndani ya kila kundi kuna aina za huduma, kwa hiyo usiishie kwenye namba ya kundi. Shuka mpaka aina.

Kipimo kizuri hakitoki kwenye tangazo lako la biashara. Kinatoka kwenye ratiba ya zamu na ankara za miezi mitatu iliyopita. Orodhesha kila huduma iliyotolewa, mbele yake andika kundi na aina, kisha weka alama kwenye ile isiyo na pa kukaa. Mara nyingi alama huangukia sehemu hizi.

Uratibu wa matunzo. Chini ya Support at Home, mpango uliochukua nafasi ya vifurushi vya huduma za nyumbani siku ileile ya 1 Novemba, kila mteja huwa na mratibu anayepanga na kufuatilia huduma zake. Kazi hiyo imo kundi la nne. Anayeshika wateja wa mpango huo huku amesajiliwa kwa usafi na chakula peke yake ana pengo, hata kama hamgusi mteja kwa mkono.

Uuguzi wa kukodi. Meneja husema, «Sisi hatuna wauguzi, tunawaita kutoka wakala.» Haisaidii. Aliyesajiliwa ndiye anayebeba wajibu, hivyo ndiye anayepaswa kuwa kwenye kundi la tano. Muuguzi akija kufunga kidonda kwa jina lako, huo ni uuguzi wako. Wakala aliyemleta halazimiki kusajiliwa kwa ajili ya kazi hiyo. Kisheria ni mtoa huduma mshirika. Wako Waafrika Mashariki wenye kampuni ndogo za kupeleka wafanyakazi kwa mashirika makubwa ambao wameingiwa na hofu kuwa lazima wajisajili. Ukifanya kazi chini ya aliyesajiliwa, yeye ndiye anayejibu kwa Tume. Lakini tarajia akudai vyeti vya wafanyakazi, taarifa za matukio, na kufuata kanuni za mwenendo, kwa kuwa ukikosea wewe anaulizwa yeye.

Usafiri uliofichwa. Chama cha jamii kinachokutanisha wazee kila wiki kimeandikwa kundi la tatu, sawa. Basi dogo linalowapeleka hospitali siku nyingine ni usafiri, kundi la kwanza.

Ukikuta pengo, omba Tume ibadilishe usajili wako. Kwa kundi la kwanza mpaka la tatu mzigo ni mwepesi. Kwa la nne mpaka la sita unakaguliwa kwa Viwango vya Ubora, na ukaguzi haumaliziki kwa wiki moja. Wakati unasubiri, usiendelee kutoa huduma hiyo kwa kisingizio kwamba fomu imekwishatumwa. Mkabidhi mteja kwa aliyesajiliwa, kwa ridhaa yake na kwa maandishi, ili asikose hata siku moja ya kuogeshwa au kufungwa kidonda.

Kinyume chake kipo pia: umeandikwa kwenye kundi usilolitumia. Ushauri wetu ni kuliondoa, ila kama una mpango halisi wa kulitumia. Makundi si mapambo. Kundi la nne linakuleta chini ya Viwango vya 1 mpaka 4: mtu binafsi, shirika, matunzo na huduma, mazingira. Kundi la tano linaongeza Kiwango cha 5, cha huduma za kitabibu. La sita linaongeza chakula na lishe, na maisha ya jumuiya ndani ya makao. Kila nyongeza ni ushahidi utakaodaiwa na mkaguzi. Tahadhari moja tu: kulirudisha baadaye ni kuomba na kukaguliwa upya.

Wenye makao wana hatua ya ziada. Kuwa kwenye kundi la sita hakutoshi, maana kila jengo huidhinishwa kivyake, pamoja na idadi ya vitanda vyake. Linganisha anwani na vitanda na hali ilivyo, hasa kama mliongeza bawa jipya kabla ya sheria kuanza.

Sasa wafanyakazi. Kila mmoja awe na cheti cha polisi kisichozidi miaka 3 au kibali cha uchunguzi cha NDIS (mpango wa taifa wa bima ya watu wenye ulemavu) kilicho hai. Palipo na wahamiaji wengi kuna karatasi moja inayosahaulika sana: anayetumia cheti cha polisi, na ambaye baada ya kutimiza miaka 16 aliwahi kuwa raia au mkazi wa kudumu wa nchi nyingine, hutoa pia tamko la kiapo kwamba hajawahi kuhukumiwa kwa mauaji au shambulio la kingono, wala kufungwa kwa shambulio la aina nyingine. Cheti cha polisi wa Australia hakionyeshi yaliyotokea Nairobi au Bukavu, ndiyo maana tamko linadaiwa. Mkaguzi akifungua faili la mlezi aliyetoka Kenya akakuta cheti bila tamko, faili hilo halijakamilika, hata kama mlezi mwenyewe hana doa.

Rudi kwenye GPMS ukatazame nani ana mamlaka ya kuingia na anwani ipi ya barua pepe imeandikwa. Jambo dogo, lakini ndilo linaloangusha watu. Mialiko na arifa huenda kwenye anwani iliyopo kwenye mfumo, na kama ni ya meneja aliyeondoka, barua inasubiri kwenye sanduku ambalo hakuna anayelifungua. Weka wasimamizi wawili wa akaunti, asiwe mmoja.

Mwisho tazama tarehe ya kwisha kwa usajili. Usajili mpya kwa kawaida ni wa miaka 3, lakini waliohamishwa hawakupewa wote tarehe moja. Zilipangwa kwa awamu ili Tume isizidiwe na kazi. Usichukue tarehe ya jirani. Muda ukikaribia, Tume hukualika kuomba kuhuisha, na asiyeomba usajili wake unakwisha. Kwenye maombi hayo unaweza kuongeza au kupunguza makundi, na kwa kundi la nne kwenda juu ndipo ukaguzi unapofanyika. Mkaguzi atahoji wazee na walezi kabla hajaridhika na sera zako, kwa hiyo anza mapema kukusanya kumbukumbu za kazi ya kila siku: malalamiko na yalivyomalizwa, matukio mazito yaliyoripotiwa ndani ya saa 24, mipango ya matunzo iliyopitiwa upya pamoja na mzee mwenyewe. Kumbukumbu zilizoandikwa zote wiki moja kabla ya ukaguzi hujulikana kwa tarehe zake.