Kuvua mshipi ndani ya mikoko, Ghuba ya Chwaka, Unguja

Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, usitupe mshipi maji yakiwa yanajaa. Subiri yafurike hadi kwenye mizizi, kisha kaa kwenye mlango wa hori, ule mkono mwembamba wa bahari unaoingia mikokoni, yanapoanza kupwa. Samaki walioingia mikokoni kutafuta chakula, chaa, changu na hata chewa wadogo, wote hulazimika kurudi kwa njia hiyo hiyo nyembamba. Saa mbili za mwanzo zinatosha. Baada ya hapo utabaki na matope na mbu. Chambo cha kamba mbichi ndicho bora.

Siku za maji mafu, yaani maji yanapojaa kidogo tu, usijisumbue, kwani maji hayafiki ndani.

Kabla ya yote, muone bwana diko, msimamizi wa mahali pa kushushia samaki, wa kijiji unachoshukia. Tiketi ya kutembelea Hifadhi ya Jozani si ruhusa ya kuvua, na leseni ya Bara haikufai huku, kwa sababu uvuvi si jambo la Muungano. Bwana diko atakwambia pia hori lipi kamati ya wavuvi ya kijiji imelifunga, jambo ambalo huwezi kulijua kwa kutazama tu. Na jamani, msikate mikoko kupata nafasi ya kusimama.