Aunt Sally Kisumu: Chuma, Doli na Vigongo Sita

Aunt Sally ni mchezo wa baa za Oxfordshire, Uingereza, unaochezwa nje wakati wa kiangazi. Unarusha vigongo kuangusha doli jeupe la mbao lililosimamishwa juu ya chuma, na chuma chenyewe hakifai kuguswa kwanza. Usihangaike kutafuta vifaa madukani. Mafundi wa jua kali pale Kibuye, Kisumu, wataviunda ukiwapa vipimo.

Anza na chuma, kwa kuwa ugomvi mwingi hutokea hapo. Kinaanza na bomba la kusimama wima, linalotokeza sm 45 juu ya ardhi. Ndani yake inaingia nondo laini ya mm 20, kwa hiyo tundu la bomba liwe pana kidogo kuliko hapo. Nondo ikishatoka bombani inakunjwa kwenda kando sm 10, kisha inakunjwa tena kupanda juu. Kwenye ncha chomelea kisahani cha upana wa sm 7, kikae sm 76 hivi kutoka ardhini. Kigongo kikipiga huo mkono wa nondo, unazunguka na doli linaanguka, lakini hakuna pointi.

Fundi akikata bomba kwa grainda huacha chembe kali kwa ndani, nondo inakwama. Mwambie apige tupa. Tumbukiza gololi moja ya bearingi chini kabisa, halafu paka grisi nzito. Sukuma mkono kwa kidole: uzunguke kidogo kisha utulie. Ukizunguka kama feni, upepo wa alasiri kutoka ziwani utakuangushia doli kabla mtu hajarusha.

Udongo mweusi wa huku hupasuka kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha, kwa hiyo bomba lililopigiliwa tu huinama ndani ya wiki chache. Chomelea bomba katikati ya rimu kuukuu ya gari, ujaze zege. Mtaweza pia kulihamisha siku uwanja ukiwa na harusi.

Doli halina sura wala mikono. Ni kipande cha mbao cha mviringo chenye urefu wa sm 15 na upana wa sm 7, kinachopakwa rangi nyeupe. Mpelekee fundi anayekereza miguu ya vitanda. Muhimu ni kitako kiwe bapa kabisa. Kereza matatu, maana hupasuka kufuata nyuzi za mbao.

Vigongo ni sita, kila kimoja sm 45 kwa unene wa sm 5. Mipini mitatu ya jembe inatosha: chagua minene, iliyokauka, kata ncha ya kuingilia jembe, kila mpini ukupe viwili. Unene ukipungua nusu sentimita hakuna atakayekufa, ila vyote sita vilingane uzito, la sivyo mkono hauzoei.

Nyuma ya chuma tundika turubai zito, lilegee chini. Likivutwa likakaza, kigongo kinarudi kwa kasi kwenye miguu ya mpangaji, yaani anayesimamisha doli. Meza, glasi na watoto vikae nyuma ya mrushaji.

Mstari wa kurushia uko yadi 10 kutoka kwa doli, yaani mita 9.14. Mkono wa mrushaji unatoka chini, kamwe si juu ya bega. Anayeanza arushe kigongo kikiwa kimelala, kipite kwa upana wake wote, akilenga nusu ya juu ya doli. Kikishuka kidogo tu, umepiga chuma. Wengine hurusha kikipinduka mbele kwa ncha. Inapendeza machoni, lakini ncha ya chini hupenda kugonga mkono wa chuma kwanza.

Timu ina watu wanane. Kila mmoja anarusha vigongo vyote sita kwa zamu moja, na mpangaji anasimamisha doli upya kila linapoanguka. Wote wanane wakimaliza, jumla kubwa inashinda raundi hiyo. Mechi ni raundi tatu. Jumla ya juu kabisa kwa raundi ni 48, lakini msiitarajie. Aliyekosa vyote sita amepata “blob”, na Waingereza hulitangaza kwa furaha isiyo na huruma.

Mwamuzi atumie masikio. Mbao kwa mbao hutoa mlio mkavu, mfupi, na mkono wa chuma hubaki karibu umetulia. Chuma kikilia kwanza, au mkono ukazunguka kwa nguvu, hakuna pointi hata doli likiruka hadi barabarani.

Usiku chomoa nondo uiweke ndani. Wanunuzi wa vyuma chakavu hawaulizi maswali. Mdomo wa bomba uzibe kwa kitambaa chenye grisi, mvua isiingie ikaleta kutu.