Somo: Kumtambua mungu wa kike kwenye sarafu ya dhahabu ya Roma

Wakuu, salaam. Kila wiki inaletwa picha ya aureusi, yaani hiyo sarafu ya dhahabu ya Roma, na swali lilelile: "Huyu mama ni nani?" Leo tujifunze kumtambua wenyewe.

Kwanza, ishike ukingoni, kisha ipime kwenye mizani ya sonara. Aureusi ya Kaisari Augustus hukaribia gramu 8. Kaisari Nero alipoipunguza mwaka 64 BK ikashuka hadi 7.3 hivi. Ikisoma 4.5, hiyo ni solidusi, sarafu ya dhahabu ya baadaye, ya Kaisari Constantine na waliomfuata.

Pili, igeuze. Mbele kwa kawaida ni kichwa cha mtawala au mkewe. Mungu yuko nyuma.

Tatu, achana na sura, maana karibu wote wamevalishwa gauni refu lilelile. Tazama mikono. Masuke ya ngano ni Ceres. Usukani wa merikebu na pembe iliyojaa matunda, Fortuna. Tofaa, Venus. Anayelisha nyoka ni Salus, wa afya. Mwenye mabawa na shada ni Victoria, huyo hata mtoto hamkosei.

Nne, soma maandishi, ukijua V husimama badala ya U. Hapa wengi huteleza. Chukua aureusi ya Faustina, mke wa Kaisari Antoninus Pius, iliyopigwa baada ya kifo chake. Mbele: DIVA FAVSTINA, Faustina aliyefanywa mungu, misuko imezungushwa utosini kama kata ya kubebea mtungi. Nyuma: AVGVSTA, na mwanamke ameshika mwenge na fimbo ndefu. AVGVSTA ni cheo cha Faustina. Jina la Ceres halimo kabisa! Mwenge ndio unaomtaja, ule aliotembea nao usiku akimtafuta bintiye Proserpina.

MASWALI

– Mkuu, yangu ina mshono mwembamba ukingoni. Ni mkwaruzo?
– Pole, ndugu. Warumi walipiga sarafu kwa nyundo. Mshono ni dalili ya kumiminwa kwenye kalibu. Usimalizie malipo kabla mjuzi hajaishika.

– Ilikuwa na thamani gani?
– Denari 25, yaani sarafu 25 za fedha. Askari wa legioni (kikosi cha jeshi la Roma) enzi za Augustus alipata denari 225 kwa mwaka, yaani aureusi 9, na bado alikatwa za chakula na mavazi.

– Naweza kuisugua kwa dawa ya meno?
– Hapana! Dhahabu haishiki kutu, utakachoondoa ni mungu mwenyewe.

– Nimeshasugua, mkuu.
– Basi tuletee picha ya mikono, tuone kama mwenge umebaki.