Kraków kwa Mfuko wa Mama wa Kibanda

Tangu nirudi kutoka Kraków, wenzangu wa chama wananiuliza maswali yale yale, nilifikaje, nililala wapi, nilikula nini na kwa pesa gani, tena huku nasonga ugali. Basi naandika mara moja, kila mtu asome.

Mimi ni mpishi. Kibanda changu kiko Bondeni hapa Nakuru: chapati, madondo, matumbo, na chai ya alfajiri kwa vijana wa gereji. Septemba iliyopita zamu yangu ya kupokea pesa za chama ilifika, na kwa kuwa mtoto wa dada yangu anasoma Kraków, kule Polandi, nikaenda kumtembelea siku sita. Kraków ni mji mkongwe, ulikuwa makao ya wafalme, na vita vya pili vya dunia viliuacha majengo yake yakiwa yamesimama. Tangu 1978 umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, katika kundi la kwanza kabisa. Nilikuwa na pesa ya kuhesabu, na nilirudi na chenji.

Nianze na karatasi, kwa sababu hapo ndipo mtu hupoteza hela kabla hajaiona ndege. Polandi iko ndani ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ada ya viza ya matembezi kwa mtu mzima ni yuro 90, na ukinyimwa hurudishiwi. Bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Usingoje zibaki siku 15. Fomu ijaze mwenyewe! Mimi nilimlipa kijana mmoja "anisaidie", akakosea jina langu la pili, na hilo kosa lake lilinigharimu nauli nyingine ya kwenda Nairobi na siku nzima ya kibanda kufungwa. Mtu mwenye biashara ndogo asiogope. Nilipeleka kibali changu cha biashara cha kaunti, taarifa za akaunti ya sacco na barua ya mpwa wangu. Wanachotaka kujua ni kama una kitu cha kukurudisha nyumbani.

Tikiti ya ndege linganisha na ya miji jirani. Kushukia Warsaw kulikuwa rahisi zaidi kwangu, kisha nikapanda treni. Ni karibu kilomita 300, saa mbili na nusu hivi. Tikiti ya treni ikinunuliwa mapema huwa nafuu. Nilikaa dirishani nikaangalia mashamba ya viazi, hakuna foleni ya malori ya Gilgil.

Kulala ndiko kunakomaliza watu. Mpwa wangu anaishi bwenini na mgeni haruhusiwi kulala kwake, lakini mabweni ya vyuo hukodisha vyumba wanafunzi wakiwa likizo, Julai hadi Septemba. Masomo hufunguliwa Oktoba, na ndiyo sababu nilichagua Septemba. Chumba cha vitanda viwili, bafu la pamoja, jiko la pamoja. Beba kufuli yako, malapa na taulo. Beba pia unga wa mahindi kilo mbili na majani ya chai, ule nyumbani usiku. Nyama na maziwa usijaribu, abiria anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya haruhusiwi kuingia navyo. Sweta ni lazima. Septemba yao asubuhi ni Julai ya Molo.

Pesa yao ni zloti, na zloti moja niliihesabu kama shilingi 35. Usibadilishe pesa kwenye dirisha la kwanza unaloliona ukiwa na uchovu wa safari. Nilifanya hivyo kwa yuro 50 na bado inaniuma. Maduka ya kubadilisha pesa yanaitwa kantor. Soma bei zote mbili ubaoni, ya kununua na ya kuuza. Zikiachana sana, endelea kutembea. Na mashine ya kadi ikikuuliza kama ukatwe kwa shilingi au kwa zloti, sema zloti. Ukisema shilingi wanakupigia hesabu yao wenyewe. Weka na sarafu mfukoni, vyoo vingi ni vya kulipia.

Hapo kwenye vyoo nina neno. Mlangoni hakuna maandishi, kuna alama tu: pembetatu na duara. Mimi nikaona pembetatu, nikasema hii ni sketi, nikaingia. Ni ya wanaume. Duara ndiyo ya wanawake. Mzee mmoja aliyekuwa ananawa mikono aliniinamia kichwa kama nimeingia kanisani.

Sasa chakula, maana kwa hilo mimi naweza kusimama mbele ya yeyote. Polandi wana kitu kinaitwa bar mleczny, yaani baa ya maziwa. Pombe hakuna. Cha kwanza kilifunguliwa Warsaw mwaka 1896, kikauza vyakula vya maziwa, mayai na unga kwa watu wa kipato kidogo. Enzi za ukomunisti vikaenea nchi nzima. Mpaka leo serikali inavipa baadhi yake ruzuku. Ndivyo kusema, kibanda cha serikali.

Siku ya kwanza niliingia, nikachagua meza ya dirishani, nikakaa kama mgeni wa heshima. Dakika kumi, hakuna aliyekuja. Mpwa wangu alipofika akacheka hadi akashika meza.

"Anti, utakaa hapo mpaka jioni. Soma ubao, lipa, upeleke risiti dirishani."

"Ubao umeandikwa Kipolandi."

"Basi angalia sahani za watu."

Na hiyo ndiyo njia. Unapanga foleni, unamtazama anayeinuka na sahani, unaonyesha kwa kidole. Unalipa kwanza. Risiti unaipitisha kwenye tundu la jikoni, mama mwenye aproni nyeupe anaita chakula chako kwa sauti ya makanga wa steji, nawe unakimbia kukichukua kabla hakijapoa. Ukimaliza, sahani unairudisha mwenyewe kwenye dirisha lingine. Ukiiacha mezani utatazamwa.

Agiza żurek. Ni supu ya unga wa rai, nafaka ndugu ya ngano, ambao wameuloweka siku kadhaa mpaka ukachacha. Nilipoonja kijiko cha kwanza nikaiweka sahani chini. Huu ni uji! Uji wetu ule wa kuchachusha, ila wao wametia chumvi, yai la kuchemsha na vipande vya soseji. Halafu pierogi, vifuko vya unga vilivyochemshwa. Vile wanaviita ruskie vina viazi na jibini laini ndani, na kitunguu cha kukaanga juu. Nilitaka sana kuingia jikoni nione wanavifungaje ukingo visipasuke kwenye maji. Maziwa lala pia yapo, wanayala na viazi. Kinywaji chukua kompot, maji ya matunda yaliyochemshwa. Supu zloti 9, pierogi 17, kompot 4: jumla zloti 30, kama shilingi 1,050. Najua, Bondeni kwa hiyo pesa nalisha watu saba. Lakini kwenye meza za nje pale uwanja mkuu, kahawa na kipande cha keki vilikuwa vinaipita.

Kuchagua baa hizi ni kama kuchagua kibanda hapa kwetu. Tazama foleni. Ikiwa na wazee wenye mifuko ya sokoni na vijana wenye vumbi la mjengo, ingia. Ikiwa kila mtu anapiga picha ukuta, pita. Nenda kabla ya saa nane mchana, vyakula vizuri huisha na vingi hufunga mapema. Mimi nilikula mlo huo mmoja mkubwa kwa siku. Usiku ugali na mayai chumbani. Maji ya mfereji ni salama, jaza chupa yako.

Na ujue Jumapili nyingi maduka makubwa hufungwa kwa sheria. Nunua mayai na mboga Jumamosi, la sivyo utategemea viduka vya pembeni kwa bei ya pembeni.

Kutembea ni bure na mji wa kale wote unazungukika kwa miguu. Zamani ulizungukwa na ukuta. Mwanzoni mwa karne ya 19 ukabomolewa, na mahali pake wakapanda bustani iitwayo Planty, inayouzunguka mji kama mkufu, karibu kilomita nne. Anza hapo asubuhi ya kwanza, hutapotea tena. Upande wa kaskazini wameacha kipande cha ukuta, lango la Floriańska na ngome ya duara ya Barbakan. Kando ya Planty kuna chuo kikuu kilichoanzishwa 1364. Ua wa jengo lake kongwe, Collegium Maius, uko wazi, na Copernicus, yule mtaalamu wa nyota, alisoma katika chuo hicho. Mwendo wa mji huu ni wa viatu vya raba, mawe yake hayamjui mtu wa kisigino.

Tramu nilipanda mara tatu tu. Kondakta hayupo, na tikiti uigonge muhuri kwenye kimashine mara tu unapoingia, maana wakaguzi huvaa nguo za kawaida na faini yao haina "samahani, mimi mgeni".

Uwanja mkuu, Rynek Główny, ulipimwa mwaka 1257 na kila upande ni kama mita 200. Uwe hapo saa sita kamili mchana. Kwenye mnara mrefu wa kanisa la Maria, kila saa, mchana na usiku, mtu hupiga tarumbeta. Wapigaji ni wa kikosi cha zima moto, na ule wa saa sita hurushwa redioni nchi nzima. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi namenya yai. Tarumbeta ikapanda, ikapanda, ikakatika katikati. Nilidhani mtu wa watu ameanguka. Mpwa wangu akaniambia ndivyo inavyopigwa: hekaya yao ni kwamba Watatari walipouvamia mji mwaka 1241, mlinzi alipiga tarumbeta kuamsha watu na mshale ukampata kooni, wimbo ukaishia hapo. Anapiga mara nne, kila upande wa mnara mara moja. Wa mwisho ulipokatika, mkono ukatokea dirishani ukapunga. Nami nikapunga, yai mkononi.

Kanisa hilo lina milango miwili: wa mbele wa wanaosali, wa pembeni wa watalii wenye tikiti. Mimi ni Mkatoliki, niliingia wa mbele nikasali rozari yangu nyuma kabisa. Usiingie huko kwa hila na simu mkononi, ni aibu. Kesho yake nililipa. Katika safari yote hicho ndicho kiingilio pekee nilicholipa, na ningelipa tena. Madhabahu imechongwa na Wit Stwosz kwa mbao, kuanzia 1477 hadi 1489, kimo chake kama mita 13. Katikati Maria anaishiwa nguvu, magoti yanamlegea, na mitume wamemzunguka. Watu wote walikuwa wanatazama dhahabu. Mimi nilitazama mikono ya mitume: mishipa imetutumka, vifundo vimekomaa, ni mikono ya wapakizi wa magunia. Huyo fundi hakuchonga wafalme.

Mlima wa Wawel, penye ngome na kanisa la wafalme, kupanda na kuzunguka ua ni bure. Ndani ni tikiti, nikasamehe. Chini yake, kando ya mto Vistula, kuna sanamu ya joka linalotema moto wa gesi kila baada ya dakika chache. Watoto wanapiga kelele. Mtu aliyekulia chini ya volkano ya Menengai haogopi moshi, lakini nilisubiri mara mbili. Mgodi wa chumvi wa Wieliczka pia niliusamehe, kiingilio chake ni siku kadhaa za pierogi.

Alasiri moja iache kwa Kazimierz, mtaa wa Wayahudi wa zamani, kisha uvuke mto hadi Podgórze. Huko Wajerumani waliwafungia Wayahudi wa mji kuanzia Machi 1941, na Machi 1943 wakawamaliza: wengine waliuawa papo hapo, wengine wakapelekwa kambini. Uwanja walikokusanyiwa sasa una viti vya chuma, vikubwa 33, vimepangwa mbali mbali, havina watu. Vinakumbusha samani zilizobaki uwanjani wenyewe walipochukuliwa. Hakuna tikiti, hakuna mlango. Mama mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo cha ukingoni akingoja tramu. Mimi kwa kazi yangu kila jioni napindua viti juu ya meza, nahesabu. Hivi nilivihesabu pia, kisha nikasimama tu. Ukitoka hapo, panda kilima cha Krakus kilicho nyuma ya mtaa huo. Bure, na mji wote unauona chini yako. Utahitaji upepo kidogo.

La mwisho ni zawadi. Kila kona utaona kigari kinauza obwarzanek, mkate wa pete uliosokotwa, unaochemshwa kwanza ndipo ukaokwa, wenye ufuta au chumvi juu. Nilikuwa nanunua kwa zloti tatu na nusu, na ndio uliokuwa kifungua kinywa changu. Mpwa wangu alinionya, "Anti, huo ni wa siku moja." Sikumsikia. Nilinunua kumi na miwili asubuhi ya kuondoka, mmoja kwa kila mwanachama. Kufika Nakuru ungeweza kupigilia msumari. Tuliichovya kwenye chai, tukaila yote, na mweka hazina akauliza kama huko Ulaya hawana mandazi.