Kabla ya kurudia GRE: namna ya kuifumua ratiba ya zamani na kuipanga upya

Alama za GRE, mtihani wa hesabu, lugha na insha kwa wanaoomba masomo ya uzamili, zikitoka chini ya ulizotarajia, wazo la kwanza huwa ni kuongeza saa. Vitabu ni vilevile, utaratibu ni uleule, ila sasa kengele inalia saa kumi alfajiri badala ya saa kumi na moja. Mara nyingi alama hurudi palepale. Ratiba iliyokuachia 150 kwenye hesabu haikuleti 160 kwa kurefushwa tu. Kwanza ujue alama zilipotelea wapi, ndipo upange saa.

Kuhusu tarehe, sheria ni mbili: usubiri siku 21 kutoka mtihani uliopita, na usizidi mara tano ndani ya miezi 12. Matokeo rasmi huchukua takriban siku 8 hadi 10. Kwa hiyo anza na siku ya mwisho ya kutuma maombi, kisha urudi nyuma. Kama chuo kinafunga tarehe 1 Desemba, fanya mtihani kufikia tarehe 15 Novemba. Wiki nane kabla ya hapo ni tarehe 20 Septemba, na hiyo ndiyo siku ya kuanza. Siku 21 ni muda wa chini unaoruhusiwa kisheria, wala si muda wa maandalizi. Mtu anayefanya kazi mjini hawezi kurekebisha tatizo la msingi kwa wiki tatu.

Kabla ya kulipa, fungua tovuti ya kila idara unayoomba. Idara nyingi za Marekani hazidai tena GRE, na nyingine zinaitaka lakini uzito wote wameuweka upande mmoja. Anayeomba uhandisi akiwa na 164 ya hesabu na 149 ya lugha hana shida sawa na anayeomba sera za umma akiwa na alama hizohizo. Kumbuka pia kwamba pointi moja au mbili zinaweza kupanda au kushuka kwa bahati ya siku tu. Ukirudia, lenga pengo la pointi nne au tano kwenda juu.

Chambua makosa kabla ya kufungua kitabu

Ripoti ya GRE inakupa alama na asilimia ya watu uliowapita, lakini haikuonyeshi maswali. Kwa hiyo, siku ya mtihani ungali unakumbuka, andika aina za maswali yaliyokusumbua na mahali muda ulipokwisha. Maswali yenyewe usiyaandike wala kumpa mtu, maana umeahidi kutoyafichua. Kama siku hiyo imeshapita, fanya mtihani mmoja wa POWERPREP, majaribio rasmi ya waandaaji wa GRE, kwa muda kamili, saa moja na dakika 58, ukae chini siku inayofuata na kuuchambua. Uchambuzi ukiisha kwa chini ya saa tatu, umeharakisha.

Kila swali ulilokosa au ulilobahatisha liingie katika mojawapo ya makundi manne: sikuijua mada, niliijua lakini nilisoma swali vibaya, muda uliniishia, nilibahatisha nikapata. Kundi la nne ndilo watu hulificha, ilhali jibu la kubahatisha ni kosa ambalo halijakutoza bado. Lihesabu pamoja na yale mengine.

Tazama mfano. Swali la kulinganisha linasema x² = 49. Kiasi A ni x, Kiasi B ni 7. Wengi huchagua kwamba viwili hivi ni sawa, kumbe x inaweza kuwa 7 au -7, kwa hiyo jibu ni kwamba haiwezekani kujua. Sasa angalia kinachoandikwa kwenye daftari la makosa. "Uzembe" hausaidii chochote, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kufanya mazoezi ya kutokuwa mzembe. "Nikiona kipeo cha pili, nijaribu namba hasi na sufuri kabla ya kuchagua" ni amri unayoweza kuitekeleza kesho asubuhi. Kila mstari wa daftari uwe wa namna hiyo. Kisha lifanye swali lilelile upya baada ya siku tatu bila kuangalia suluhisho, na tena baada ya siku kumi. Likikushinda mara ya pili, mada hiyo inarudi kwenye ratiba kama somo kamili.

Makundi haya ndiyo yanayogawa saa zako. Kosa la mada linataka kitabu na mazoezi ya mada hiyo peke yake, maswali 15 hadi 20 bila saa. Kosa la kusoma vibaya linataka maswali machache na tabia mpya: kabla ya kubofya jibu, soma tena sentensi ya mwisho ya swali. Kosa la muda halitibiwi kwa kusoma mada zaidi, na hapa ndipo ratiba nyingi hupotelea, mtu akirudia jometri aliyokwisha kuijua.

Mazoea ya KCSE yanayogharimu alama

Waliopitia shule za Kenya wamefundishwa kuonyesha kazi, kwa sababu katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, hatua za kukokotoa zina alama zake hata jibu likikosewa. GRE inahesabu jibu tu. Nauli ikipanda kwa asilimia 20 kisha ikashuka kwa asilimia 20, imebaki asilimia ngapi ya ile ya mwanzo? Mwenye mazoea ya shule ataandika n, ajenge mlinganyo, ashuke mistari mitano. Chukua nauli ya shilingi 100: inapanda hadi 120, asilimia 20 ya 120 ni 24, inabaki 96. Sekunde ishirini. Tenga wiki nzima ya kufanya maswali uliyokwisha kuyapata kwa njia ndefu, safari hii kwa kuweka namba au kujaribu majibu yaliyotolewa.

Kikokotoo nacho ni kile cha kwenye skrini, chenye hesabu nne za kawaida, kipeuo cha pili na vitu vichache vingine. Kukibofya kwa kipanya kunakula muda. Zoea kukadiria.

Jambo jingine ni karatasi. Ukifanya mazoezi kwenye nakala zilizochapishwa, unazungushia duara na kupigia mstari mahali ambapo siku ya mtihani hutaweza kugusa. Angalau nusu ya mazoezi yafanyike kwenye skrini, ukiwa na karatasi ya kukokotolea pembeni.

Muda ndani ya mtihani

Hesabu ina awamu mbili: maswali 12 kwa dakika 21, kisha 15 kwa dakika 26. Ni kama sekunde 105 kwa swali. Lugha ni 12 kwa dakika 18, kisha 15 kwa dakika 23, yaani kama sekunde 90. Ugumu wa awamu ya pili hutegemea ulivyofanya ya kwanza, na ndani ya awamu moja maswali yote yana uzito sawa. Maana yake, kung'ang'ana dakika nne na swali moja gumu katika awamu ya kwanza, halafu kukosa mawili rahisi ya mwisho kwa haraka, ni hasara mara mbili. Jizoeze kuliacha swali ukifika dakika mbili: chagua jibu lolote, liwekee alama, songa, urudi ukipata nafasi. Kukosa hakupunguzi alama, kwa hiyo usiache pengo. Ujuzi huu hauji wenyewe siku ya mtihani. Ufanyie mazoezi kwa seti za maswali 12, mara mbili kwa wiki, saa ikiwa mbele yako.

Kwenye lugha, maswali ya kujaza mapengo mawili au matatu hayana alama ya nusu: pengo moja likikosewa, swali lote limekwenda. Anza na pengo lenye viashiria vya wazi, si lazima lile la kwanza. Orodha ya maneno 1,000 iliyokaririwa bila sentensi ndiyo huwaangusha wengi. Jifunze maneno 10 kwa siku, kila moja ndani ya sentensi, na urudie ya jana kabla ya kugusa mapya.

Saa kumi kwa wiki

Kwa mtu anayetoka Ruiru au Rongai kwenda kazini Nairobi, saa kumi kwa wiki ni kiasi anachoweza kukitimiza. Ishirini ni ndoto itakayovunjika wiki ya pili. Saa moja kila asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, iwe ya kazi nzito, yaani mada na seti za muda. Jumamosi saa tatu: mtihani wa majaribio au seti ndefu. Jumapili saa mbili za daftari la makosa. Ndani ya matatu fanya kadi za maneno tu. Hesabu katika foleni ya Thika Road, redio ikivuma, inakupa hisia ya kusoma bila kujifunza. Nyumbani kukiwa na kelele, Jumamosi nenda maktaba ya taifa pale Upper Hill.

Sehemu uliyofanya vizuri usiitupe. Unapotuma alama kwa chuo, unachagua siku ya mtihani, wala huwezi kuchukua hesabu ya Machi na lugha ya Novemba ukaziunganisha. Gawa saa saba kwa sehemu dhaifu, mbili kwa ile nzuri, na moja kwa insha.

Mitihani ya majaribio iwe mwisho wa wiki ya tatu, ya tano na ya saba, saa ileile uliyoandikishwa kufanya wa kweli. Ile miwili ya bure ya POWERPREP ukiwa umeshaifanya, alama zake za mara ya pili zitakudanganya kwa sababu unakumbuka majibu. Bora ununue mmoja wa POWERPREP PLUS, ile ya kulipia, uuhifadhi kwa wiki ya saba.

Ukichagua kufanyia nyumbani, karatasi ya kawaida hairuhusiwi: unatumia ubao mdogo mweupe, au karatasi moja ndani ya plastiki angavu na kalamu inayofutika. Ufanyie mazoezi ubao huo wiki mbili nzima, maana nafasi yake huisha haraka na kufuta kunachukua sekunde. Mtaani kwenu stima ikiwa inapotea ovyo au mnashirikiana ukuta na jirani mwenye muziki, nenda kituoni.

Mtihani wa wiki ya saba ukionyesha kwamba hujasogea kutoka alama za zamani, na chuo kinaruhusu, sogeza tarehe. Kubadilisha kunatakiwa kufanyika angalau siku nne kamili kabla ya mtihani na kuna ada yake, kwa hiyo jioni ya mtihani huo wa majaribio ndiyo ya kuamua.